Vitu viwili, bei moja: mimi huchukua chenye pa kushika

Nina magauni mawili yaliyonigharimu karibu sawa. Moja nililikuta dukani Kariakoo limetundikwa, limenyooka, lina mkanda wa kung'aa kiunoni. Jingine ni la kitenge. Kitambaa nilinunua mwenyewe nikampelekea fundi wa mtaani kwetu Magomeni, anayekaa na cherehani yake kibarazani. Zipu ya lile la dukani ilikatika kabla miezi mitatu haijaisha. Nikalipeleka kwa fundi yuleyule. Akaligeuza ndani nje, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mshono, akanionyesha. Kitambaa kilichoachwa upande wa ndani hakikufika hata nusu sentimita, na nyuzi zilikuwa zimeshaanza kuchomoka.

"Dada yangu, zipu ni kitu kidogo," akasema. "Lakini nikifumua hapa, kitambaa chote kinakuja. Sina pa kushika."

Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Lile la kitenge nilikuachia inchi nzima kila ubavu. Ukinenepa, ukikonda, wewe njoo tu."

Nimeshakwenda mara mbili. Mara ya kwanza alilitanua nilipotoka uzazini, mara ya pili akalirudisha. Gauni lina mwaka wa nne sasa na bado navaa nikiwa na pa kwenda.

Tangu siku ile, nikisimama mbele ya vitu viwili vyenye bei inayolingana, sigombani sana na bei. Nauliza: hiki kikiharibika, kitakuwa na pa kushika? Nilianza na nguo, nikaingia nyumbani, na mwisho nikaona swali hilohilo linanisaidia hata kwa marafiki zangu. Hapa chini nimelinganisha vitu ambavyo nimewahi kuvichagua au kuvijutia mwenyewe, kwa mfuko wa mtu anayeishi kwenye vyumba viwili vya kupanga. Bei nilizotaja ni nilizolipa mimi. Kwako zinaweza kupanda au kushuka.

Kitenge kwa fundi, mtumba, au mpya ya kununua imeshonwa

Yadi sita za kitenge cha pamba nilizinunua kwa shilingi 30,000. Yadi sita ni kama mita tano na nusu, na kwa gauni la kawaida la mwili wangu fundi anatumia tatu. Ushonaji alinitoza 25,000. Kwa hiyo gauni lilinisimamia 40,000, na yadi tatu zikabaki kabatini zikisubiri zamu yao. Gauni la dukani lilikuwa 45,000. La mtumba, lenye kitambaa kizuri kuliko yote mawili, ningelipata kwa 10,000 kama ningekuwa na asubuhi nzima ya kuchambua.

Nguo ya dukani ina sifa moja kubwa nisiyoweza kuipinga: unaivaa leo. Kama sherehe ni Jumamosi na leo ni Alhamisi, usimsumbue fundi. Mafundi wazuri wana foleni, na wiki mbili kabla ya Idi au Krismasi foleni hiyo inafika barabarani. Basi ukilazimika kununua iliyoshonwa, fanya alichofanya fundi wangu. Igeuze ndani nje palepale dukani. Tazama kitambaa kilichobaki kwenye mshono wa ubavuni, vuta kidogo, angalia kama nyuzi zinachomoka. Tazama pindo la chini kama limekunjwa mara mbili au limefungwa tu kwa uzi wa juujuu. Muuzaji akinung'unika, mwambie kwa upole kwamba unatazama mshono.

Kwa kitenge, kosa kubwa linafanyika kabla ya fundi, pale kwenye kununua kitambaa. Vitenge viwili vinaweza kufanana kwa mbali, kimoja kikapauka kwa kufuliwa mara tano. Mimi hufanya mambo matatu. Kwanza nakigeuza: kitenge cha waksi cha kweli kina rangi iliyoingia pande zote mbili, huwezi kujua kwa haraka mbele ni wapi na nyuma ni wapi, wakati kilichochapwa upande mmoja nyuma yake kimefifia kama picha ya zamani. Pili nalowesha pembe kwa maji kidogo na kusugua na leso nyeupe. Leso ikitoka na rangi, nguo nyingine zote kwenye beseni zitatoka na rangi. Tatu, nikiwa na shaka na pamba, naomba nyuzi mbili tatu za pembeni na kuziwasha kiberiti. Uzi wa pamba unanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini linalopeperuka. Uzi wa poliesta unayeyuka, unajikunja, unaacha kidonge kigumu cheusi. Kwa joto la Dar mwezi wa pili, tofauti hiyo utaihisi mgongoni kabla ya saa nne asubuhi.

Na kabla hujampelekea fundi, kiloweke usiku mmoja, kikauke, kipige pasi. Pamba hurudi ikilowa mara ya kwanza, na ni bora ipungue ikiwa kitambaa kuliko ikiwa gauni.

Sasa mtumba. Wapo wanaouonea haya na wapo wasiovaa kingine. Mimi naupenda, na sababu ni mishono yake. Shati la kiume la pamba lililovaliwa na kufuliwa miaka miwili, kisha likavuka bahari, na bado kola imesimama, limeshafanyiwa mtihani ambao nguo mpya haijaufanya. Ukienda Karume pale Ilala asubuhi wakati belo linafunguliwa, utalipa zaidi lakini utachagua kwanza; ukienda jioni utalipa kidogo na kuchagua masalia. Tazama kwapa, tazama kola kwa ndani, fungua na ufunge zipu mara tatu, hesabu vifungo. Nguo iliyochanika kwenye mshono nunua, maana mshono unashoneka. Iliyochanika katikati ya kitambaa iache. Nguo za ndani usinunue kabisa. Shirika la Viwango Tanzania linakataza kuuzwa, na hata lisingekataza, hapo usibane matumizi.

Ipo hoja ya viwanda vyetu, kwamba mitumba ya bei rahisi inaviua, na siipuuzi. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kusimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo kutoka Rwanda. Sisi tunaokumbuka vitambaa vya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichofunguliwa mwaka 1968, tunajua tulichopoteza. Ndiyo maana sinunui mtumba kwa kila kitu. Pesa ya kitenge inapita kwa muuza kitambaa na kuishia kwa fundi wa mtaani kwangu, ninayejua wanawe wanasoma wapi. Hilo ninalihesabu kama sehemu ya bei.

Kwa hiyo nimegawanya hivi. Nguo ya kwenda mahali, sherehe, ibada, ofisini siku ya wageni: kitenge kwa fundi. Nguo ya kila siku, na hasa mashati, suruali na makoti: mtumba, kisha nampa fundi 5,000 apunguze mabega au mikono. Shati la 5,000 lililopunguzwa kwa 5,000 likakaa mwilini sawasawa linampendeza mtu kuliko la 35,000 linalomning'inia. Ukikumbuka jambo moja tu hapa, likumbuke hilo. Watu wengi tunaowaona wanajua kuvaa hawana nguo za gharama, wana fundi.

Viatu ni hesabu ileile, kwa ufupi: chenye soli iliyoshonwa kwa uzi unaoonekana kina maisha mengi kwa fundi viatu. Cha kubandikwa kwa gundi kitakuachia njiani siku ya mvua.

Zawadi: doti ya kanga au seti ya glasi

Hapa sina mashaka hata kidogo. Seti ya glasi sita ni zawadi ya heshima, imefungwa kwenye boksi, inaonekana kubwa ukiingia nayo ukumbini. Lakini moja ikivunjika zinabaki tano, na mwenye nyumba anaona haya kuwaletea wageni tano na kikombe. Doti ya kanga nimeinunua kwa shilingi 12,000, inakunjwa kwenye mkoba, na mwanamke ataivaa jikoni, atambeba nayo mtoto, atajifunika usiku wa baridi, atakwenda nayo msibani. Ikichakaa inakuwa nepi, kisha tambara la kupangusia. Haina siku ya kutupwa.

Na kanga inasema. Ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, ina jina chini, yaani ule msemo ulioandikwa, na jina ndilo linalofanya iwe yako na ya huyo unayempa. Pale Mombasa, ambako wengi wanaiita leso, duka la Kaderdina Hajee Essak limekuwa likiuza tangu mwaka 1887, na kanga zake zinajulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla" yanayochapwa juu yake. Usinunue kwa rangi peke yake ukasahau kusoma. Nimeona mtu akimpelekea wifi yake kanga nzuri ya zambarau yenye jina la kijembe, bila kukusudia, na ilichukua mwezi mzima na wazee wawili kulisawazisha jambo lile. "Wema hauozi" haimuudhi mtu yeyote.

Kitu ninachokipenda zaidi kwenye doti ni kwamba inauzwa vipande viwili havijatenganishwa. Mnaweza kununua moja wewe na rafiki yako, mkachangia sita sita, mkakata katikati, kila mmoja akakunga pindo lake. Nina kipande kimoja cha namna hiyo tangu mwaka 2017. Mwenzangu alihamia Tanga. Kila nikikifunga namkumbuka, na najua kipande chake hakijaisha kwa sababu changu hakijaisha.

Taa nyeupe au taa ya njano

Hapa swali langu la pa kushika halifanyi kazi vizuri, nakiri. Balbu ikifa imekufa, ingawa wapo mafundi wanaozifungua na kubadilisha ile taa ndogo iliyoungua ndani. Lakini sijui badiliko jingine la shilingi 4,000 linaloweza kugeuza nyumba kuliko hili.

Balbu za LED zinauzwa kwa rangi ya mwanga, na rangi hiyo imeandikwa pembeni mwa boksi kwa namba yenye herufi K. 6500K ni nyeupe yenye ubuluu, ile ya hospitali na madukani. 3000K au 2700K ni njano ya joto, kama ya machweo. Maduka mengi yatakupa nyeupe bila kukuuliza, na ndiyo maana sebule zetu nyingi usiku zinafanana na vyumba vya kusubiria daktari. Rangi za vitambaa zinapauka, ngozi zetu zinaonekana za kijivu, mgeni anakaa nusu saa na kuaga bila kujua kwa nini amechoka.

Nilibadilisha moja tu, ya sebuleni. Jikoni niliiacha nyeupe, maana ukichambua mchele au dagaa unataka kuona kila punje, na mezani anaposomea mtoto niliiacha nyeupe pia. Usiku wa kwanza jirani alichungulia mlangoni akauliza kama nimepaka rangi. Sikuwa nimepaka. Faida ya pili nilikuja kuigundua mvua zilipoanza: wadudu wengi wa usiku huvutwa na mwanga wenye ubuluu kuliko wa njano, na kumbikumbi sebuleni walipungua.

Kwa wale ambao bado wana balbu za kioo zenye waya unaowaka ndani, hesabu ni rahisi. Ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku inakula uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9 inayotoa mwanga karibu sawa na huo inakula uniti 1.35. Linganisha na risiti yako ya umeme ya LUKU, uone balbu mpya itajilipa baada ya muda gani.

Kama una kidogo cha ziada, usiongeze taa ya dari. Tafuta taa ya mezani, hata ya mtumba, uiweke chini ya usawa wa macho pembeni ya kiti. Mwanga unaotoka chini unawaweka watu karibu.

Mkeka wa ukindu au mkeka wa plastiki, na mambo mengine ya sakafuni

Wa plastiki ni rahisi, una maua ya kila rangi, unafuta kwa kitambaa chenye sabuni. Ukiwa na watoto wawili wanaomwaga uji, sitakulaumu, na mimi mwenyewe nilikuwa nao miaka mitatu. Tatizo lake ni mikunjo. Pale unapokunjwa kila siku, na hasa ukianikwa juani, plastiki inakakamaa, inapasuka mstari mzima, na mpasuko huo hauna dawa.

Mkeka wa ukindu husukwa kwanza kuwa ukili mrefu mwembamba, kisha ukili huo huzungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Maana yake ni kwamba ukiungua kwa kaa la moto, au panya akitafuna, mama anayejua kazi yake anafumua ukili ule mmoja na kushona mwingine mahali pake. Wangu una kiraka cha namna hiyo, ukili wa zambarau katikati ya wa kijani kwa sababu alikosa kijani siku hiyo, na kila mgeni anadhani ni urembo. Una adui mmoja, unyevu. Masika usiuache sakafuni usiku. Uegemeze ukutani, na siku ya jua uutoe nje nusu saa, la sivyo ukungu mweusi utaanzia upande wa chini bila wewe kuona.

Harufu ya nyumba nitaipita haraka. Kopo la kupulizia linafanya kazi dakika kumi. Udi uliopikwa kwa sukari na manukato, kipande kidogo juu ya kaa moja kwenye chetezo, unabaki kwenye mapazia mpaka kesho yake. Nachagua udi, madirisha yakiwa wazi, isipokuwa nyumba yenye mtu wa pumu. Huko fagia, fungua madirisha, inatosha.

Maua ya plastiki au mmea? Maua ya plastiki yanaingia vumbi wiki ya pili na hakuna anayeyaosha. Mimi nilipanda mchaichai kwenye ndoo iliyopasuka mdomo, nikaitoboa chini kwa msumari wa moto. Niliomba mashina matatu yenye mizizi kwa muuza mboga. Hayakunigharimu chochote. Baada ya miezi michache ndoo ilijaa, chai yangu ina harufu yake, na mtu akiupenda nampa shina. Mmea huu unastawi ukigawanywa, ukiachwa bila kupunguzwa unajisonga wenyewe.

Ujumbe, simu, au kwenda mwenyewe

Hili ndilo nililotaka kuandika tangu mwanzo, na hapa nina deni.

Rafiki yangu wa siku nyingi alifiwa na mama yake. Nilikuwa na kazi nyingi wiki ile. Nilituma rambirambi kwa simu, shilingi 30,000, na ujumbe mrefu nilioutunga kwa moyo wote. Akajibu "Asante shoga." Nikaamini nimetimiza. Baada ya miezi miwili nikaona simu zangu hazipokelewi, na zikipokelewa zinakatwa mapema. Sikuelewa mpaka nilipopanda daladala mpaka Mbagala nikabisha hodi. Tulikaa ukumbini kwake. Hakulalamika kuhusu pesa wala ujumbe. Alisema tu: "Nilikuwa naangalia mlango kila anapoingia mtu."

Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa haizidi shilingi 2,000.

Huduma za kutuma pesa kwa simu zimetusaidia sana. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, mwaka uliofuata ikawa hapa kwetu, na leo mtu aliyeko Muscat au Kigoma anaweza kuushika mkono wa mfiwa siku ileile. Sisemi tuache. Nasema kwamba ukilazimika kuchagua kati ya 30,000 bila wewe, na wewe mkono mtupu ukakaa kwenye mkeka saa moja, ukaosha sufuria, ukaondoka, chagua kwenda. Na ukiwa mbali kweli, piga. Ujumbe uwe wa mwisho.

Ujumbe ni mzuri kwa mambo yaliyonyooka: tukutane saa ngapi, nimefika salama, mtoto amepona. Kwa jambo lenye maumivu au lenye lawama, hauna pa kushika. "Sawa" ya maandishi inaweza kuwa sawa ya furaha, ya uchovu au ya hasira, na anayeisoma anachagua kwa hali aliyonayo yeye. Kwenye simu unasikia pumzi. Unasikia sauti imebadilika, unasema, "Ngoja, hujanielewa, nilimaanisha hivi," na mshono unarudi palepale kabla haujafumuka zaidi. Ujumbe wa sauti uko katikati. Unabeba sauti lakini haukupi nafasi ya kujibiwa. Mimi huutumia kusalimia, kamwe siutumii kugombana.

Dakika tano za maongezi ni pesa ndogo kuliko soda. Nimejiwekea jioni ya Jumapili, wakati napiga pasi, kumpigia mtu mmoja ambaye sina shida naye. Usiye na shida naye ndiye anayesahaulika. Wengi wakipokea wanaanza kwa hofu, "Kuna nini?" Nikiwaambia hakuna kitu, nimekusalimia tu, unasikia tabasamu.

Kumwalika nyumbani au kukutana nje

Kwa wanne, chai ya maziwa, vitumbua vya jirani, mihogo ya nazi na kachumbari vilinigharimu shilingi 9,000. Mgahawani pesa hiyo ni sahani moja. Lakini tofauti kubwa iko kwenye muda. Mgahawani mhudumu akishaondoa vyombo mnajua mmefukuzwa. Nyumbani mnaondoa vyombo wenyewe, na maneno ya maana mara nyingi hutoka mmesimama kwenye beseni, mmoja anaosha, mwingine anasuuza, macho hayakutani. Wengi wetu hatualiki kwa sababu tunaona nyumba haijatimia: kochi limechanika, pazia ni lile lile. Nimealikwa kwenye nyumba nyingi. Ninachokumbuka ni chai ilikuwa ya moto au ya vuguvugu, na kama mwenyeji alikaa au alizunguka muda wote akiomba radhi.

Kuna rafiki mmoja, hata hivyo, ambaye simwaliki wala siendi kwake. Anaishi na wakwe, na kwangu kuna watoto masikio wazi. Yeye tunakutana kwa muuza kahawa, vikombe viwili viwili na kashata, kwenye benchi la mbao. Mtu mwenye mzigo wa nyumbani kwake huongea vizuri akiwa nje ya nyumba zote.

Na pesa kati ya marafiki? Rafiki akiomba nimkopeshe 50,000, nina njia mbili: kumkopesha yote, au kumpa 15,000 isiyorudi. Nimejaribu zote. Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga waliliona. Deni la 50,000 hukaa katikati yenu kila mkutano, mmoja anaanza kukwepa njia, mwingine anaanza kuhesabu nguo mpya za mwenzake. Siku hizi namwambia wazi: hamsini sina, hii kumi na tano ni yako, usinirudishie. Mara mbili nimeonekana bahili. Marafiki wote wawili bado ninao.

Yule wa Mbagala huwa naenda kila mwezi mmoja, mwezi unaofuata anakuja yeye. Zamani nilikuwa nikibeba soda kubwa mbili, siku hizi nabeba kilo ya sukari, kitu ambacho kesho yake bado kipo. Mara ya mwisho niling'oa pia shina la mchaichai kwenye ndoo yangu, nikalifunga na udongo wake kwenye gazeti lililolowa. Tukalipanda pembeni ya bomba lake, mahali ambapo mama yake alikuwa akiweka ndoo za maji. Juzi amenipigia kusema limetoa majani mawili.